Kofia ya gego, ndiyo. Meno sita ya mbele, subiri kwanza

*"Shikamoo Daktari. Nina miaka 34, naishi Usa River. Miezi miwili iliyopita nilitibiwa mzizi wa gego la chini kulia huko Moshi, nikawekewa dawa ya muda na kuambiwa nirudi nivishwe kofia. Sijarudi, maana haliumi tena, na jirani yangu anasema jino likishakatwa ili livishwe kofia limekufa, heri ning'oe yaishe. Ukuta mmoja wa jino hilo ulikuwa umeshamegeka kabla sijatibiwa. Lingine ni kwamba meno yangu ya mbele ni ya kahawia, nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai. Kuna mahali mjini wameniambia watanivisha kofia meno sita ya juu yawe meupe ndani ya siku chache, nilipe kwa awamu. Akiba niliyonayo inatosha kuanza jambo moja tu. Nianze na lipi? Pia nina binti wa miaka miwili, sitaki naye awe na meno kama yangu."*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa gego.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Akiba yako ianzie kwenye gego, na usingoje liume. Meno sita ya mbele yaache kwanza. Yana tiba, ila kofia, yaani ganda gumu linalofunika jino lote, si ya kuanzia, na huenda usiihitaji kabisa. Ya binti nitayaweka mwishoni, maana hayo hayali akiba yako.

Jirani yako usimpuuze. Hofu yake ni ya kweli, isipokuwa ameielekeza kwenye jino lisilohusika. Jino lililo hai likikatwa ili livishwe kofia, kiini chake kinaweza kuumia, na baadhi ya meno hayo hufa taratibu miaka kadhaa baadaye yakahitaji tiba ya mzizi. Lakini gego lako halina tena kiini cha kufa. Kilishatolewa huko Moshi. Meno ambayo maneno ya jirani yanayahusu barabara ni yale sita ya mbele, yaliyo hai na mazima, ambayo umeambiwa yakatwe ili yawe meupe.

Sasa tuingie ndani ya gego. Nje kuna enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, mfupa ukiwemo. Chini yake kuna dentini, laini kidogo, inayolifanya jino linepe kidogo linapobanwa badala ya kupasuka. Katikati kuna chumba chenye kiini, yaani mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo watu wengi huiita "mshipa wa jino" tu. Kuoza kulipofika huko, daktari alitoboa juu ya gego, akatoa kiini, akasafisha mifereji ya mizizi na kuijaza. Ndiyo maana haliumi. Kutokuuma huko watu wengi hukusoma kama kupona, na hapo ndipo wanapopotezea meno. Kilichotokea ni kwamba kengele imekatwa waya. Jino likianza kuoza upya kwa ndani leo, hakuna kitakachokuamsha usiku kama mara ya kwanza.

Utasikia pia kwamba jino lililotolewa mshipa hukauka likawa kama kuni, ndiyo maana linavunjika. Hata wenzangu wa kazi husema hivyo. Si hivyo hasa. Dentini yake haibadiliki sana. Kinacholidhoofisha ni nyama ya jino iliyopotea. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya maabara vilivyolionyesha hilo vizuri. Meno yaliyotobolewa juu tu kwa ajili ya tiba ya mzizi yalipoteza takriban asilimia 5 ya ukakamavu wake. Yaliyokatwa kuta za mbele na za nyuma, kama kuoza kunavyofanya, yalipoteza takriban asilimia 63. Toboa kibuyu juu, bado utachotea maji. Kipasue ubavu, hata kama ufa ni mdogo, siku yoyote kitakuachia vipande mkononi. Umesema ukuta mmoja wa gego lako ulishamegeka. Basi wewe una kibuyu cha ubavu uliopasuka.

Gego ndilo linalosaga. Kila unapong'ata, vilele vyake vinasukumwa kuelekea nje, na bila ukuta wa kuvishikilia vinanepa zaidi ya kawaida, mlo baada ya mlo, hadi siku ya kokwa la ubuyu au kipande cha mfupa wa mbuzi. Kikimegeka kilele kimoja juu ya ufizi, tunashukuru, kinatengenezeka. Ufa ukishuka katikati hadi kwenye mizizi, hakuna daktari wa kuurudisha. Jino linang'olewa, na fedha yote ya tiba ya mzizi imekwenda nalo.

Kofia inazuiaje hilo? Siku ukipita kwa seremala, tazama patasi yake. Kwenye kichwa cha mpini, pale anapogonga nyundo, mafundi wengi huvisha pete ya chuma. Mbao ya mpini ni ileile, nyundo ni ileile, lakini mpini haupasuki kwa sababu pete imeukumbatia pande zote. Kofia ya jino ni pete hiyo. Watu hudhani inaziba tundu. Tundu huzibwa na dawa ya kujazia. Kofia inakumbatia vilele visiachane. Na kama ilivyo kwa patasi, pete haishiki hewa. Inahitaji ukuta mzima wa jino wa kukumbatia, milimita 2 hivi kuzunguka jino lote juu ya ufizi. Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza daktari wako: jino lililobaki juu ya ufizi linatosha kushikwa?

Kama halitoshi, na nasema hili waziwazi kwa sababu wapo wanaokwepa kulisema, kofia itang'oka au mzizi utapasuka, na fedha yako itakuwa imezikwa. Hapo kung'oa ni uamuzi wa heshima. Kung'oa kunafaa pia kama picha inaonyesha ufa kwenye mzizi, au mfupa unaolishikilia jino umeliwa sana. Lakini "ning'oe yaishe" haiishi. Gego la jirani hulalia pengo, la juu hushuka kulifuata, na baada ya miaka michache unatafuta jino la bandia. Daraja linataka meno mawili ya jirani yakatwe. Kipandikizi kwenye mfupa kina gharama kubwa kuliko kofia. Jino la kuvaa na kuvua ndilo nafuu, na wengi hulichoka wakaliweka kabatini.

Ipo pia njia ya katikati. Kama kwa sasa fedha haifiki hata kwenye kofia ya bei ya chini, mwombe daktari ajaze tundu kwa dawa ngumu ya kudumu na apunguze vilele ili dawa hiyo ivifunike kwa juu. Haidumu kama kofia, lakini inaweza kukuvusha salama unapojipanga. Usichoweza kuendelea nacho ni hiyo dawa ya muda uliyonayo. Imetengenezwa kwa ajili ya wiki chache. Miezi miwili ni mingi; mate na bakteria hupenya pembeni yake, na ikikaa muda mrefu hivyo huenda daktari akalazimika kusafisha mizizi upya kabla ya kuweka kofia juu yake. Hadi siku ya kwenda, tafunia kushoto.

Sasa kazi yenyewe, maana nadhani nusu ya woga wako ni kutojua kinachofanyika.

Kwa kawaida ni safari mbili. Ya kwanza ndiyo ndefu, saa moja au zaidi. Kabla ya kugusa chochote daktari anapaswa kutazama picha ya eksirei ya gego hilo, kuona kama ujazo wa mizizi umefika mwisho na kama mfupa unaozunguka ncha umetulia. Omba uonyeshwe, ni jino lako na umelilipia. Kisha anatoa dawa ya muda na kulijenga jino kwa dawa ngumu ili kupata kisiki imara. Wengine huweka nguzo ndogo ndani ya mzizi. Nguzo haiimarishi jino, kazi yake ni kushikilia ujazo pale ambapo jino lenyewe limebaki kidogo sana. Magego mengi ya chini hayaihitaji, kwa sababu chumba kilichokuwa na kiini kinatosha kushika dawa. Ukiambiwa unahitaji nguzo, uliza kwa nini.

Utachomwa ganzi. Jino halina mshipa, lakini ufizi unao. Halafu jino linakatwa kuzunguka pande zote na juu, milimita 1 hadi 2 kutegemea kofia itatengenezwa kwa kitu gani. Hapa ndipo watu huuliza, "Kwani lazima likatwe? Si uvishe tu juu yake?" Fikiria kuvaa soksi tatu halafu uvae kiatu chako kilekile. Kofia ina unene wake. Isipopewa nafasi, jino litakuwa nene na refu kuliko wenzake, utaling'ata peke yake, na chakula kitaganda pembeni. Jino lililokatwa vizuri hufanana na bilauri ndogo iliyofudikizwa, kuta zake zikielekea juu kwa mwinamo mdogo sana. Zikiinama mno, kofia inateleza kama kofia ya sherehe kwenye kichwa cha mtoto. Zikisimama wima kabisa, haitashuka hadi chini.

Sehemu inayoamua umri wa kofia ni ukingo, mstari ambapo kofia inaishia na jino lako linaanzia. Ili ukingo huo uonekane, daktari husukuma uzi mwembamba kati ya jino na ufizi, ufizi ukasogea kidogo. Ndipo anachukua kipimo: trei yenye dawa kama uji mzito inaingizwa mdomoni, unakaa nayo dakika chache hadi ikakamae. Ukiwa mtu wa kutapika haraka, sema mapema, pumua kwa pua na inamisha kichwa mbele. Baadhi ya kliniki sasa zina kamera inayopita juu ya meno na kuchora umbo lake kwenye kompyuta. Hakuna trei wala kichefuchefu. Zote mbili zinafaa. Kipimo kibaya ni kibaya hata kikichukuliwa na mashine ya bei.

Rangi nayo huchaguliwa siku hiyo, na ichaguliwe mwanzoni kabisa, kabla mdomo haujakaa wazi muda mrefu, kwa sababu jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Na iwe kwenye mwanga wa dirishani. Nilipokuwa kijana kazini nilichagua rangi ya jino la mwalimu mmoja jioni, chini ya taa. Alirudi kesho yake asubuhi, akasimama nje kwenye jua la Arusha, akacheka ili nione. Sikuhitaji maelezo. Nililirudia jino lile kwa gharama yangu.

Utaondoka na kofia ya muda ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi dhaifu makusudi, ili itolewe kirahisi. Inalinda jino na inazuia majirani wasisogee. Bablishi na vitu vya kunata viache kwa wiki hizo. Ikitoka, rudi siku hiyo au kesho yake. Ukingoja hadi siku ya miadi, meno yanaweza kuwa yamesogea na kofia halisi ikakataa kuingia.

Kipimo kinakwenda kwa fundi sanifu wa meno. Huyu hamuonani, lakini kazi yake ndiyo utakayoitafunia. Kofia za chuma mafundi wengi bado huzitengeneza kwa njia ambayo Mmarekani William Taggart aliitambulisha kwa madaktari wa meno mwaka 1907: kofia inachongwa kwanza kwa nta, nta inafunikwa kwa plasta maalumu, inayeyushwa kwa moto, na chuma kinamiminwa kwenye nafasi iliyoachwa. Nyingine huchongwa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Ngoja wiki moja au mbili, pengine zaidi kama kliniki yako inatuma kazi nje ya mji.

Safari ya pili ni fupi, lakini usikubali iwe ya haraka. Kabla kofia haijagandishwa moja kwa moja inajaribiwa. Daktari anapitisha ncha ya chombo kwenye ukingo kuona kama inakwama. Anapitisha uzi kati ya meno. Upite kwa kubana kidogo, usichanike na usipwaye. Anakung'atisha karatasi ya rangi kuona mahali panapogusa kwanza. Wewe nawe una kipimo chako, ulimi. Kama unahisi ngazi pembeni ya kofia, sema. Kama ukifunga mdomo gego hilo linatangulia kugusa kabla ya mengine, sema. Watu wengi hunyamaza kwa heshima, wanasema "iko sawa tu Daktari", kisha wanateseka nyumbani. Mimi nimerudisha kofia maabara mara mbili kwa mgonjwa mmoja na hakuna aliyekufa. Ikishagandishwa, kuitoa ni kuikata.

Siku mbili tatu za mwanzo ufizi unaweza kuuma kidogo. Maumivu ya kung'atia yakizidi hapo, mara nyingi kofia iko juu kidogo na inahitaji kusuguliwa kwa dakika tano. Usijizoeshe nayo.

Kuhusu aina za kofia, kwa gego la nyuma sina maneno mengi. Chuma kitupu hakivunjiki, kinahitaji jino likatwe kidogo zaidi kuliko zote, na kwa kawaida ndicho cha bei ya chini; kasoro yake ni rangi, ambayo huko nyuma ni wewe na daktari wako tu mtakaoiona. Kama hereni za bei rahisi au kifungo cha jinzi hukuwasha ngozi, sema, huenda ni nikeli, na kofia nyingi za chuma zina nikeli. Chuma kilichofunikwa kauri kinafanana na jino, lakini kauri hiyo huweza kubanduka, na ukingo wake huweza kuonyesha mstari wa kijivu ufizi ukishuka. Zirkonia ni nyeupe na ngumu sana, na bei yake iko juu. Jino langu lingekuwa hilo, ningechagua chuma au zirkonia kulingana na mfuko. Dhahabu bado ni nzuri ajabu kwa kazi hii, lakini kwa bei yake ya leo sidhani kama tuna haja ya kuijadili.

Na usidhani jino lenye kofia haliozi. Kofia haiozi, jino lililo chini ya ukingo linaoza kama kawaida, na hiyo ni moja ya sababu kubwa za kofia kushindwa. Mswaki wenye dawa yenye floraidi mara mbili kwa siku, ukilenga pale ufizi unapokutana na kofia, na uzi kati ya meno kila usiku. Ndiyo, floraidi ileile iliyokuwa kwenye maji uliyokunywa utotoni ikakuchafulia meno. Meno yako yameshaumbika, haiwezi kuyatia madoa tena, sasa inayalinda. Kama unasaga meno usingizini, mwenzako wa chumba atakuwa ameshakwambia, mwarifu daktari akutengenezee kinga ya kuvaa usiku. Na soda ifunguliwe kwa kifungulio.

Tuje kwenye hayo sita ya mbele.

Jina la Maji ya Chai huwafanya watu wadhani ni rangi ya maji iliyopaka meno. Sivyo. Kinachoyachafua ni floraidi iliyomo kwenye maji, nayo haina rangi wala ladha. Inayeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuingia kwenye chemchemi na visima. Mtoto akiinywa kwa wingi wakati enameli ya meno yake ya kudumu inaumbika ndani ya taya, enameli hiyo haikomai vizuri. Inatoka ikiwa na vinyweleo vidogo chini ya ngozi yake, nyeupe kama chaki, na baadaye vinyweleo hivyo vinanywa rangi ya chai na vyakula hadi kuwa kahawia. Kwa hiyo, kwa watu wengi doa liko kwenye tabaka la juu la enameli. Jino lenyewe ni zima.

Na kofia inafanya nini? Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 2002 vilionyesha kwamba kukata jino kwa ajili ya kofia kamili huondoa asilimia 63 hadi 72 ya sehemu ya jino inayoonekana mdomoni. Yaani ili kuficha doa lililo kwenye ngozi, unatoa theluthi mbili za jino lililo hai. Halirudi. Kofia nzuri hudumu miaka 10 hadi 15, nyingine zaidi. Wewe una miaka 34. Ukijaliwa kufika 80, kila moja ya hayo sita itabadilishwa mara tatu hivi, kila mara kwa gharama mpya na kwa kisiki kilichopungua zaidi, na baadhi yatahitaji tiba ya mzizi njiani.

Sisemi uvumilie tu. Wagonjwa wangu wa ukanda huu wanacheka na kiganja mdomoni. Nawajua hata kabla hawajaketi kwenye kiti. Ila panda ngazi kutoka chini. Kwanza kuna kusugua tabaka la juu kabisa kwa mchanganyiko wa tindikali dhaifu na unga laini wa kusugulia, kazi ya kliniki, inayoondoa sehemu ndogo sana ya milimita. Tafadhali usiige nyumbani kwa ndimu na mkaa. Baada ya hapo kuna dawa ya kung'arisha, mara nyingi hutumiwa pamoja na huko kusugua. Kuna utomvu maalumu unaonyweshwa enameli ili kujaza vinyweleo. Kuna kufunika uso wa jino kwa dawa ya rangi ya jino, bila kukata au kwa kukata kidogo sana. Hiyo huchakaa na kuhitaji marekebisho, na kwenye enameli yenye floraidi nyingi hubanduka kirahisi zaidi, kwa hiyo inataka mkono wenye subira. Vipo vigae vyembamba vya kauri vinavyobandikwa mbele tu. Kofia kamili ni ngazi ya mwisho, kwa meno yaliyochimbika au kumomonyoka. Hayo yapo pia kwenu, nimeyaona, na kwa hao kofia ni haki yao. Mwombe daktari ajaribu njia ndogo kwenye jino moja, mtazame wote wawili, kisha muamue.

Hao waliokuahidi siku chache, waulize maswali matatu. Watakata milimita ngapi? Nani atakata, na je, amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Jino moja likianza kuuma baada ya miezi sita, nani anatibu na kwa fedha ya nani? Ukijibiwa kwa picha za wateja kwenye simu, funga mkoba wako.

Kwa gego, rudi kwa daktari aliyekutibu kama unaweza, maana ana kumbukumbu na picha zako. Kama Moshi ni mbali, omba picha hizo uende nazo kliniki yoyote ya kinywa na meno iliyo karibu. Kwa upande wako Hospitali ya Mount Meru ipo, na kesi ngumu hupelekwa hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi. Mwambie daktari kama una ujauzito, kisukari, tatizo la moyo au dawa za kupunguza kuganda kwa damu. Nenda mapema zaidi, wiki hii hii, ukiona kipele cha usaha kwenye ufizi karibu na gego hilo, ladha mbaya isiyoisha, au jino likianza kucheza. Uso ukivimba, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, hiyo si ya kliniki wala ya kungoja asubuhi. Ni ya hospitali, usiku huohuo. Na kofia ikija kutoka siku moja, ioshe, iweke kwenye kikopo, uje nayo. Usiibandike kwa supagluu. Nimeshatumia saa nzima nikiitoa hiyo gundi kwenye ufizi wa mtu.

Sasa binti. Meno yake ya kudumu ya mbele yanaumbika sasa hivi, hadi afike miaka minne hivi, na ya nyuma yanaendelea hadi miaka minane. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floraidi kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi chini ya Meru vinapita hapo kwa mbali. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo inakolea. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, chanzo kilichopimwa, au chujio la mkaa wa mifupa kama yale ya kituo cha kuondoa floraidi kwenye maji cha Ngurdoto, ambacho hakiko mbali na wewe. Kama maji safi ni machache, yawekwe kwa ajili yake kwanza: ya kunywa, ya uji na ya kupikia chakula chake. Makande yake yapikwe bila magadi, kwa sababu magadi ya kwetu nayo yana floraidi, hata kama yataiva jioni. Dawa ya mswaki mpakie iliyo ndogo kama punje ya mchele, na umfundishe kutema.